Kufufua Mashua Kuukuu ya Alumini

Muhula uliopita mhariri wetu wa sehemu ya Kiswahili aliniuliza kwa nini mikono yangu imejaa makovu kama ya mtu aliyepigana na paka. Nikamjibu kuwa si paka, ni mashua. Akacheka, akasema, "Basi andika habari zake, ukurasa upo." Ndiyo asili ya maneno haya. Nataka kuwaelezeni jinsi mimi na mjomba wangu tulivyoitengeneza mashua kuukuu ya alumini katika ua wetu wa Munuki, hapa Juba, na mambo niliyojifunza juu ya madini hiyo. Kosa langu nalo sitalificha, maana lilikaribia kutupotezea mashua yenyewe, na mwingine aweza kulirudia asipoonywa.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Mto Naili, ule tuuitao hapa Bahr el Jebel. Tuliporudi kutoka kambi ya Kakuma, ambako mimi nilikipata Kiswahili hiki, yeye alikuwa na mtumbwi wa gogo, akivua upande wa chini ya daraja, na mama yangu akiuza samaki katika soko la Konyo Konyo. Karo yangu ilitoka katika samaki hao. Kisha mtumbwi ukapasuka ukawa haufai tena, na kwa muda wa mwaka mzima mjomba akavua kwa kuazima mitumbwi ya watu, na nusu ya samaki ikaenda kwa mwenye chombo. Ndipo siku moja akaja na lori, na juu ya lori kuna kitu kama ganda la karanga lililokanyagwa. Ilikuwa mashua ya alumini, urefu wake mita 4 na nusu, aliyoinunua mnadani pamoja na vitu vingine vilivyochakaa. Fedha yake yote ilikuwa imekwisha.

Mama alitoka jikoni akaizunguka mara moja. Ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea, karibu na omo palikuwa na ufa mrefu kama kiganja, na ubao wa nyuma unaobeba mashine ulikuwa umeoza hata kidole kikaingia. Siku ile ile akaja mnunuzi wa vyuma chakavu, maana watu wale hunusa alumini kama fisi anusavyo mfupa. Mwajua kuwa hapa mjini wako mafundi wanaoyeyusha injini mbovu na vipande vya alumini, wakamimina katika kalibu za mchanga na kupata sufuria. Akaikadiria mashua kuwa kilo 100, akataja bei. Mama akamwambia mjomba, "Ndugu yangu, uza. Sufuria hupikiwa. Hiyo mashua yako tutapikia nini?" Mjomba akajibu, "Dada, nipe mpaka mvua." Wakakubaliana hivyo: mvua zikikolea nayo haijaelea, itakuwa sufuria.

Nilimsaidia mjomba kwa hoja moja tu niliyoikumbuka kutoka somo la Historia. Katika Ziwa Tanganyika iko meli iitwayo Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaivunja vipande vipande, wakaileta kwa meli hadi Dar es Salaam, na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, walipokuwa wakikimbia, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi kwanza, kama watu wanaotumaini kurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikabeba watu na mizigo kwa miaka mingi baada ya hapo. Ikiwa meli iliyolala chini ya maji miaka mingi yaweza kufufuka, sembuse mashua iliyolala juani? Mama akasema kuwa Wajerumani walikuwa na grisi.

Basi tukaanza. Ilikuwa Machi 2024, wakati serikali ilipofunga shule zote tangu tarehe 18 kwa sababu ya joto kali. Nanyi mnakumbuka joto lile! Mchana bati la mashua halikugusika, ungeweza kukaanga yai juu yake. Tukafanya kazi alfajiri na baada ya magharibi, kwa taa.

Kabla sijaeleza kazi yenyewe, yafaa niseme kidogo juu ya alumini, maana fundi asiyeijua tabia yake ataiharibu kwa mikono yake mwenyewe, kama nilivyofanya mimi.

Madini hii imo kwa wingi katika udongo, lakini imeshikamana na oksijeni kwa nguvu hata zamani kuitoa ilikuwa shida kubwa. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington waliweka ncha ya alumini juu yake, kwa kuwa wakati huo ilikuwa kitu cha fahari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waligundua kila mmoja kwa upande wake njia ile ile ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na Hall alifanya majaribio yake katika kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, dada yake akimsaidia. Nawaambieni ninyi wa Kidato cha Kwanza mnaodhani Kemia ni adhabu. Tangu hapo bei ikaanguka, na leo alumini ni sufuria, ni madirisha, ni ndege. Mashua kama yetu ni ndugu wa ndege hasa: baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, kampuni ya ndege ya Grumman huko Marekani ilianza kutengeneza mitumbwi ya alumini, mabati yakiungwa kwa ribiti kama ubavu wa ndege. Ukitaka kuona kazi hiyo, tazama bawa la ndege uwanjani, utaona vichwa vya ribiti vimejipanga kama punje za mhindi.

Watu husema alumini haishiki kutu. Neno hili ni nusu kweli. Ukiikwaruza kwa kisu, pale palipokwaruzwa hung'aa, na papo hapo hewa huivika ngozi mpya, nyembamba mno isionekane kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo kutu yake. Lakini kutu ya chuma ni unga, hupukutika na kuacha chuma kiliwe tena na tena. Kutu ya alumini hushikamana na mwili wake ikawa ngao. Ikijeruhiwa hujiponya yenyewe, mradi ipate hewa. Na hapa ndipo penye jambo. Chini ya gunia bichi, chini ya tope lililoganda, chini ya sponji iliyolowa, hewa haifiki. Hapo ngozi haijiponyi, na maji yaliyotuama huila alumini mashimo madogo madogo, na juu yake huota unga mweupe kama chumvi. Mashua ya alumini haifi mtoni. Hufa mahali palipofichwa, pale ambapo mwenyewe hatazami.

Adui wa pili ni ndoa mbaya. Mwalimu wetu wa Kemia alichoma kipande cha shaba na kipande cha zinki katika limau, akaunga waya, na sindano ya kipimo ikasogea. Alisema madini mbili zikigusana penye maji huwa betri, na mmoja wa wanandoa huliwa. Alumini ikiozwa kwa chuma huliwa yeye alumini. Ikiozwa kwa shaba huliwa upesi zaidi. Katika bahari ya Mombasa mambo haya huenda mbio kwa sababu ya chumvi. Katika maji yetu matamu huenda polepole, na polepole hiyo ndiyo inayomdanganya mtu. Mimi niliandika haya yote katika daftari, nikapata alama 9 katika 10. Yawekeni akilini, tutayarudia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuivua mashua nguo zake zote. Tuliondoa mabenchi, tukang'oa mbao za sakafu, na chini ya mabenchi tukakuta sponji nyeupe iliyowekwa na watengenezaji ili mashua isizame ikijaa maji. Ilikuwa imenyonya maji miaka na miaka, nzito kama maiti, ikinuka. Nyuma yake ndiko tulikoona ule unga mweupe. Tulisugua kwa brashi ya nailoni na maji ya ukwaju, ule muuitao ardeb. Msicheke. Kila mama ajua kuwa sufuria iliyopikiwa ukwaju hung'aa, kwa kuwa ukali wake huondoa kutu ya alumini. Brashi ya waya ya chuma haifai, maana huacha chembe za chuma zilizojichoma katika bati, na kila chembe ni harusi mpya. Majivu pia tusiyalaze juu yake na maji kwa muda mrefu, wala saruji mbichi, kwa sababu magadi yaliyomo huila alumini.

Ufa wa omo ndio uliotupa adabu. Mjomba alimwita fundi mmoja wa kuchomelea milango ya chuma, kijana hodari wa kazi yake. Fundi mwenyewe alisitasita, lakini mjomba akasihi. Sasa sikilizeni kilichotokea. Chuma kikipata moto huwa chekundu kwanza, kikamwonya fundi. Alumini haionyi. Huyeyuka kwenye digrii 660 ikiwa bado na rangi yake ile ile, na wakati huo huo ile ngozi yake ya juu haiyeyuki mpaka digrii zaidi ya 2,000. Kwa hiyo fundi aona ganda limesimama imara, kumbe ndani mmekuwa uji. Ghafla uji ukaanguka, na badala ya ufa tukawa na ufa na tundu la kuingiza kidole gumba. Kuchomelea alumini kwataka mashine ya namna nyingine, yenye gesi ya agoni ya kufukuza hewa. Fundi alikataa malipo. Mjomba aliketi juu ya ndoo akaitazama mashua hata giza likaingia.

Siku ya pili tukashika njia ya zamani, yaani kiraka na ribiti. Kwanza, kwenye kila mwisho wa ufa toboa tundu dogo la milimita 3. Ufa una ncha kali, na nguvu zote hukusanyika pale; ukiipa mviringo, nguvu hutawanyika na ufa hausafiri tena. Kisha kata kiraka, kipite ufa pande zote kwa upana wa vidole vitatu, na pembe zake uzifanye za mviringo kwa sababu ile ile. Kiraka kisitoke katika sufuria, maana alumini ya kumimina huvunjika kama biskuti. Rafiki mmoja alinishauri kung'oa kibao cha barabara, akisema ni alumini safi. Nilimshukuru, nikatumia bati la ubavu wa lori lililoungua. Kati ya kiraka na mashua tulipaka gundi ya poliyurethani, ile wanayotumia mafundi wa vioo vya magari kubandikia kioo cha mbele. Hiyo haikauki ikawa ngumu, bali hubaki kama mpira, na mashua hutaka mpira kwa kuwa mwili wake hucheza na mawimbi.

Juu ya ribiti ningeweza kuandika gazeti zima. Katika mashua yetu nilihesabu zaidi ya 800. Ribiti iliyolegea utaijua kwa pete nyeusi inayoizunguka, ambayo ni unga wa alumini inayosagana. Au weka kidole upande mmoja, mwenzako agonge upande wa pili, nawe utaisikia ikitikisika. Dawa yake ni watu wawili. Mjomba alikaa nje akikandamiza kipande kizito cha ekseli ya gari juu ya kichwa cha ribiti. Mimi ndani nikagonga mkia wake, nyundo ndogo, mapigo mepesi matatu au manne. Ukipiga kwa hasira, alumini hukomaa ikawa ngumu, kisha hupasuka. Mapigo mepesi hunenepesha ribiti ndani ya tundu lake, ikaziba. Tulizungumza kwa kugonga tu: yeye akigonga mara moja, maana yake nimekaa tayari, mimi nikigonga mara mbili, maana yake twende nyingine. Wiki nzima hatukusikia masikioni ila ngo-ngo-ngo. Jirani mmoja aliuliza kama tumefungua kanisa jipya.

Ribiti 46 zilikuwa hazifai kabisa, tukazitoboa na kuziondoa. Madukani mwetu ziko ribiti za kuvuta kwa koleo, lakini nyingi zina tundu katikati, na ndani ya tundu hubaki kipande cha chuma. Zafaa kwa ndoo, si kwa mashua. Mtu akizipata zile zilizozibwa mwisho, afadhali. Sisi tulingoja hata dereva wa lori alipotuletea ribiti nzima za alumini kutoka Kampala.

Baada ya hapo tukaitia mashua maji, si mashua katika maji, bali maji katika mashua. Iweke juu ya vigogo, mimina maji ndani, kisha lala chini chali na chaki mkononi, ukizungushia kila penye tone. Nawaonya msiijaze. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mashua ya mita 4 na nusu ikijaa ni mzigo kupita tani. Mashua imeumbwa kubebwa na maji kutoka nje, haikuumbwa kuyabeba. Kiasi cha kiganja cha mkono chatosha. Siku ile mama alisimama mlangoni. Mwajua maji ya Juba hununuliwa kwa pipa kutoka magari ya maji, na alituona tukiyamwaga mapipa mawili katika kitu chenye matundu. Hakusema neno. Lakini jioni nilimwona ameinama chini ya mashua na taa, akitafuta matone pamoja nasi, na tone la mwisho, nyuma ya ubavu wa tatu, aliliona yeye.

Juu ya ile sponji iliyooza, hatukuiweka nyingine. Tulifanya hesabu. Mashua ya kilo 100, kwa kuwa alumini ni nzito mara 2.7 kuliko maji, huchukua nafasi ya lita 37 za maji. Kwa hiyo ikizama uzito wake uliobaki ni kilo 63. Ongeza mashine, kilo 40, ni kilo 103. Jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa barabara huinua kilo 19 hivi. Majerikeni sita ni kilo 114. Basi sita chini ya mabenchi, yamefungwa kwa kamba ya nailoni, yatabakiza mdomo wa mashua juu ya maji hata ikijaa, na mtu apate pa kushika. Kila mwezi mjomba huyatoa, akaifuta ngama, akayarudisha. Hiyo ndiyo faida yake kuliko sponji: waweza kutazama nyuma yake.

Rangi sitaisemea sana. Katika maji matamu alumini yaweza kwenda uchi. Ukitaka kupaka, safisha mafuta, piga msasa, na upake rangi ya kwanza ya kushika alumini siku hiyo hiyo, kabla ngozi haijakomaa. Na usiguse kamwe zile rangi za meli zenye shaba. Sisi tulipaka nje tu, nyeupe, kwa sababu ya jua.

Sasa nafika kwenye ubao wa nyuma, ambao ndio moyo wa mashua yenye mashine. Mashine yote huning'inia hapo, na nguvu zote za kusukuma hupita hapo. Ule wa zamani ulikuwa plaiwudi iliyooza. Mjomba aliniachia mimi kazi hiyo, akasema, "Wewe ndiwe msomi, mwanangu." Nikaenda kwa wauza mbao, nikaona mbao za kijani kidogo zilizotiwa dawa, na muuzaji akaapa kuwa mchwa hawezi kuzigusa na maji hayaziozeshi. Alisema kweli. Nikanunua, nikakata, nikaweka ubao huo baina ya mabati mawili ya nyuma, nikafunga kwa bolti za kawaida nilizozipata dukani. Ulikaa vizuri kama uliozaliwa humo. Nilijivuna.

Agosti 2024, mto ukiwa umejaa, tukaipeleka majini kwa lori lile lile. Mjomba aliketi katikati, akaweka kiganja chake juu ya sakafu, akakiacha hapo kitambo kirefu. Kisha akakiinua akanionyesha: kikavu. Mkondo ukatuchukua kuelekea visiwa vya Gondokoro, naye akawasha mashine. Wiki ile mama alikuwa na bulti na sangara wa kuuza, na mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita alimuuzia samaki.

Desemba, katika likizo, nilikuwa nikiiosha mashua pwani ya mto nikaona mstari mweupe chini ya ubao wa nyuma. Nikaukwaruza kwa ukucha. Unga. Nikafungua bolti moja, nikaona bati limechimbika kama uso wa mwenye ndui, na shimo moja lilikuwa karibu kutokea upande wa pili. Nikasimama pale katika maji nikijiuliza ni nini, kisha nikaikumbuka ile rangi ya kijani. Kijani ni nini katika dawa ya mbao? Ni shaba. Nilikuwa nimeichukua shaba, nikaibana na alumini, nikahakikisha haikauki kamwe, na juu yake nikatia bolti za chuma. Limau lile la mwalimu nilikuwa nimelijenga mwenyewe, tena kubwa, na juu yake nimemkalisha mjomba wangu, baba wa watoto wanne, asiyejua kuogelea vizuri.

Siku mbili sikumwambia mtu. Alikwenda kuvua siku zote mbili, nami usiku sikulala, nikiona kwa macho ya moyo mashine ikichomoka na nyuma ya mashua ikifunguka kama mlango. Asubuhi ya tatu nilikwenda mtoni kabla hajasukuma chombo, nikamwambia, "Mjomba, ule ubao wangu unaila mashua." Nikamweleza yote, na limau. Alinitazama, akanyamaza, akafunga kamba tena. Kisha akauliza jambo moja tu: "Tangu lini wajua?" Nikamjibu kweli. Hilo la siku mbili ndilo lililomkasirisha, si la ubao. Akanipa maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapa, nami nilistahili. Alipomaliza akasema, "Haya, shika upande wa huko, tuitoe."

Tulifanya upya. Mbao safari hii ni msaji, wa upande wa Yei, ambao una mafuta yake mwenyewe na hauhitaji dawa. Tuliupaka gundi ya epoksi pande zote, na ndani ya kila tundu la bolti pia, maana maji huingilia matunduni. Baina ya mbao na bati tuliweka mpira uliokatwa katika tyubu ya gari, na chini tukaacha matundu mawili ili maji yasituame. Bolti ni za chuma kisichoshika kutu, na hata hizo hazigusi alumini: kila moja imevaa bomba dogo la plastiki, na chini ya kichwa chake kuna duara nililolikata katika jerikeni. Palipochimbika tuliweka bati jipya juu yake, ribiti 22, ngo-ngo-ngo kama zamani.

Kila mwezi nafungua bolti moja nikichungulia, na mjomba husimama nyuma yangu akinichungulia mimi. Mpaka leo bati ni safi. Mzee yeyote wa shule aliye Kampala au Mombasa, awezaye kutupatia ribiti nzima za milimita 5, na amwandikie mhariri. Zimebaki tisa tu katika kopo, na jirani yetu mmoja naye amenunua mashua.